Radikali Hazikuzaliwa, au Zilizaliwa Zikaporwa? Utatuzi wa Matatizo ya Kupasua Vifungo vya Kikemia Maabarani

Kifungo cha kovalenti ni jozi ya elektroni inayoshikiliwa na atomu mbili kwa pamoja. Kinapopasuka, jozi hiyo inaweza kubebwa yote na upande mmoja, na hapo huzaliwa ioni. Au inaweza kugawanywa, kila upande ukaondoka na elektroni moja, na hapo huzaliwa radikali huru mbili. Mpasuko huu wa pili huitwa homolisisi, na ndio unaotuhusu hapa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazoripotiwa mara kwa mara na watu wanaofanya mimenyuko ya radikali. Chini ya karibu kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia matengenezo mazito. Lakini kabla ya kugusa chochote, jibu swali moja: je, kifungo hakikupasuka kabisa, au kilipasuka vizuri na radikali ikaporwa na kitu kingine kabla ya kufanya kazi uliyoikusudia? Haya ni magonjwa mawili yenye tiba zinazopingana. Anayeongeza kianzishi (dutu inayovunjika kirahisi ili kuzaa radikali za kwanza) na joto wakati radikali zake zinaporwa huzalisha uchafu mwingi zaidi, na nyakati nyingine huzalisha hatari.

Dalili ya 1: Saa zimepita na malighafi iko vilevile

Sababu ya kwanza, na iliyo mbali mbele ya nyingine zote, ni oksijeni. Molekuli ya oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, kwa hiyo huidaka radikali ya kaboni karibu kila zinapokutana. Mwaka 1900 Moses Gomberg, alipokuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alijaribu kuunganisha vipande viwili vya trifenilimethili (kaboni moja iliyobeba pete tatu za benzini) akapata dutu yenye oksijeni ambayo hakuitarajia. Aliporudia jaribio ndani ya gesi ya kaboni dayoksaidi, hewa ikiwa imezuiwa, ndipo ilipojitokeza dutu yenye hamu kubwa ya kumenyuka, naye akatangaza kwamba amepata kaboni yenye vifungo vitatu tu. Kwa hiyo radikali ya kwanza ya kaboni kutambuliwa ilijulikana kwa sababu hewa ilikuwa imeharibu jaribio, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoharibu majaribio mengi hadi leo.

Tazama namba, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha ukubwa wa tatizo. Kiyeyushi cha kikaboni kilichoachwa wazi hewani hubeba takriban milimoli 2 za oksijeni kwa lita, na kasi ya oksijeni kuidaka radikali ya kaboni hufikia karibu bilioni 2 kwa sekunde kwa kila moli moja kwa lita. Zidisha, utapata kwamba radikali yako hudakwa mara milioni 4 hivi kwa sekunde. Hata ukiondoa asilimia 99 ya oksijeni hiyo, inabaki kasi ya 40,000 kwa sekunde, ambayo bado inatosha kushindana na hatua nyingi tunazozitegemea. Ndiyo maana kupitisha nitrojeni juu ya kioevu kwa dakika mbili hakusaidii.

Anza na mambo rahisi: hakikisha sindano ya nitrojeni imezama ndani ya kioevu, mapovu yapite kwa dakika 15 hadi 30, na kizibo cha mpira kisiwe kimetobolewa mara nyingi. Dalili ikibaki, tumia njia ya kugandisha, kuvuta hewa na kuyeyusha, angalau mara tatu. Onyo: unapogandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, usiache chombo kikiwa wazi kwa hewa. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri na oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, hivyo oksijeni ya hewani hugeuka kimiminika ndani ya chombo chako. Ukiona kimiminika cha rangi ya samawati hafifu, usifunge chombo na usikiondoe kwenye ubaridi. Acha njia ya gesi wazi, ondoa watu chumbani, na umwite afisa wa usalama wa maabara. Kimiminika hicho kikichanganyika na kiyeyushi cha kikaboni huweza kulipuka.

Sababu ya pili hujificha kwenye lebo ya chupa. Tetrahidrofurani na etha nyingine huuzwa zikiwa na BHT, kizuizi kinachowekwa ili peroksidi zisijijenge. Kiasi cha kawaida cha sehemu 250 kwa milioni ni takriban milimoli 1 kwa lita, na kila molekuli ya BHT inaweza kumaliza radikali mbili. Ikiwa mmenyuko wako una milimoli 2 tu za kianzishi kwa lita, kizuizi hicho kinaweza kula sehemu kubwa ya radikali zote utakazozalisha. BHT hukamata hasa radikali za peroksili, zile zinazozaliwa oksijeni inapoungana na radikali ya kaboni, kwa hiyo sababu hii na ya kwanza husaidiana kukudhuru. Soma lebo, kisha tumia kiyeyushi kisicho na kizuizi au ukipitishe kwenye safu ya alumina.

Sababu ya tatu ni kianzishi kisicholingana na joto. AIBN, kianzishi kinachotumika sana, ina nusu-uhai, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, wa takriban saa 10 kwenye nyuzi joto 65, na kama saa 1 na nusu kwenye nyuzi 80. Kwenye nyuzi 40 muda huo unapita wiki nzima. Anayeitegemea AIBN kwa joto hilo anasubiri kisichokuja. Peroksidi ya benzoili inahitaji nyuzi 70 hadi 73 kwa nusu-uhai wa saa 10, na peroksidi ya di-tetri-butili inahitaji karibu nyuzi 125. Ikiwa malighafi yako haivumilii joto lolote, trietiliborani pamoja na hewa kidogo huzalisha radikali za ethili hata kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na hapo ile oksijeni iliyokuwa adui inageuka sehemu ya kianzishi, mradi iingie kidogo kidogo. Pima joto ndani ya kioevu chenyewe, kwa kuwa joto la bafu ya mafuta linaweza kukupotosha kwa nyuzi kadhaa.

Kumbuka pia kwamba si kila mpasuko huzaa radikali zinazotumika. Radikali mbili za AIBN huzaliwa zikiwa zimezungukwa na molekuli za kiyeyushi kama zilizo ndani ya kizimba, na kwa kawaida kama asilimia 60 tu ndizo hutoroka. Zilizobaki huungana tena na kufanya dutu thabiti, yenye sumu, isiyorudi kwenye kazi. Kadiri kiyeyushi kinavyokuwa kizito, ndivyo wanaotoroka wanavyopungua.

Sababu ya nne ni kifungo chenyewe. Kifungo cha oksijeni kwa oksijeni katika peroksidi kinahitaji kati ya kilojuli 150 na 190 kwa moli, cha iodini kwa iodini 151, cha bromini kwa bromini 193, cha klorini kwa klorini 243. Kifungo cha kaboni na iodini kinakaribia 240, cha kaboni na bromini 290, cha kaboni na klorini 350, na cha kaboni na hidrojeni katika metani 439. Ngazi hii ieleweke vizuri: iodidi iliyomenyuka kirahisi haithibitishi kwamba kloridi ya umbo lilelile itamenyuka. Ukiwa na kloridi sugu, badilisha malighafi kabla hujabadilisha kila kitu kingine.

Dalili ya 2: Mmenyuko unaanza vizuri, kisha unasimama katikati

Mara nyingi kianzishi kimekwisha. Mmenyuko wa mnyororo unahitaji radikali mpya kila wakati, kwa kuwa radikali mbili zikikutana minyororo miwili inakufa. Ukiipasha AIBN kwenye nyuzi 100, nusu yake huondoka kwa dakika chache tu, halafu joto lote linalobaki halina kazi. Igawe AIBN sehemu tatu au nne, uziongeze kwa vipindi vinavyokaribia nusu-uhai wake. Ikiwa kila nyongeza inausogeza mmenyuko mbele kidogo kisha unasimama tena, mnyororo wako ni mfupi, na tatizo liko kwenye hatua ya uenezaji, ambamo radikali moja huzaa inayofuata: pengine radikali inayozaliwa ni tulivu mno kuweza kuchukua atomu kutoka kwa molekuli inayofuata. Hapo kuongeza kianzishi ni kupoteza kianzishi.

Dalili ya 3: Taa inawaka, rangi ni nzuri, lakini hakuna mazao

Hapa pana imani moja potofu inayostahili kung'olewa. Watu hulinganisha nishati ya mwanga na nguvu ya kifungo, wakaona inatosha, wakaridhika. Ni kweli kwamba moli moja ya fotoni za nanomita 450 hubeba kilojuli 266, za nanomita 365 hubeba 328, na za nanomita 254 hubeba 471. Lakini mwanga usiofyonzwa haupasui chochote. Bromidi ya alkili ya kawaida ina kifungo kinachohitaji chini ya kilojuli 328, na bado chini ya taa ya nanomita 365 hukaa kimya, kwa sababu haiufyonzi mwanga huo. Kabla ya kununua taa kali zaidi, pima ufyonzaji wa kila kilichomo kwenye chupa.

Pengo hili ndilo linalojazwa na vichocheo vya fotoredoksi (vinavyotumia mwanga kuhamisha elektroni), vilivyoenea katika sintesisi ya kikaboni tangu kazi za mwaka 2008 za makundi ya David MacMillan na Tehshik Yoon, na ya mwaka 2009 ya kundi la Corey Stephenson. Kichocheo cha rutheni chenye bipiridini tatu hufyonza mwanga wa buluu karibu na nanomita 452, kisha katika hali yake ya msisimko hutoa au hupokea elektroni. Molekuli iliyopewa elektroni ya ziada hudhoofika, na kifungo ambacho kisingepasuka kwa mwanga peke yake hupasuka, kikitoa radikali upande mmoja na ioni upande mwingine. Kwa njia hii kinachoamua ni uwezo wa redoksi, yaani urahisi wa kutoa au kupokea elektroni, na nguvu ya kifungo huwa swali la pili.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi katika dalili hii, hata hivyo, ni ya kijiometria. Kichocheo hicho kikiwa na ukolezi wa milimoli 1 kwa lita, asilimia 90 ya mwanga wa nanomita 452 humezwa ndani ya milimita 0.7 tu za mwanzo. Katika chupa yenye upana wa sentimita tano, karibu kioevu chote kiko gizani. Ndiyo maana mmenyuko uliokubali kwenye kichupa kidogo hukataa kwenye chupa kubwa. Punguza kichocheo, koroga kwa nguvu, tumia vyombo vyembamba, au pitisha kioevu kwenye mrija mwembamba unaozungukwa na taa. Pima pia umbali wa taa na joto lililo karibu nayo. Feni ikizimika, mmenyuko unaodhani ni wa mwanga unaweza kuwa wa joto.

Baada ya hapo chunguza oksijeni, kwani hali ya msisimko ya kichocheo hiki hudumu kama mikrosekunde 1 na oksijeni huizima. Mwishoni chunguza kama malighafi yako inaizima kabisa: pima mng'ao wa kichocheo huku ukiongeza malighafi hatua kwa hatua. Mng'ao usipopungua, elektroni haihami, na tatizo halitatatuliwa na taa.

Dalili ya 4: Radikali inapata hidrojeni kabla ya kufunga pete

Umetengeneza radikali ili ijifunge pete, na badala yake umepata mnyororo ulionyooka wenye hidrojeni mahali palipokuwa na bromini. Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inatibika kwa hesabu. Radikali ya 5-heksenili, mnyororo wa kaboni sita wenye kifungo maradufu mwishoni, hufunga pete kwa kasi ya takriban 230,000 kwa sekunde kwenye nyuzi 25. Radikali ya alkili ya mwanzo (yenye elektroni pweke kwenye kaboni ya ncha ya mnyororo) huchukua hidrojeni kutoka kwa hidridi ya tributili-bati, chanzo cha kawaida cha hidrojeni katika mimenyuko hii, kwa kasi ya takriban 2,400,000 kwa sekunde kwa kila moli moja kwa lita. Ukiwa na hidridi hiyo moli 1 kwa lita, hidrojeni inashinda kwa mara 10. Ukiipunguza hadi moli 0.01 kwa lita, pete ndiyo inayoshinda kwa mara 10. Kemia ni ileile. Kilichobadilika ni msongamano wa mporaji.

Kwa hiyo chunguza kwanza ukolezi. Kisha acha kuiweka hidridi yote mwanzoni. Iingize kwa pampu ya sindano kwa saa kadhaa pamoja na kianzishi, ili wakati wowote iliyo huru iwe kidogo sana. Ikiwa bado hidrojeni inashinda, tumia hidridi ya tris(trimetilisilili)silani, ambayo hutoa hidrojeni yake kwa kasi ya chini kama mara sita. Ina faida nyingine: haiachi mabaki ya bati, ambayo yana sumu na hung'ang'ania bidhaa. Ukilazimika kutumia bati, safu ya silika iliyochanganywa na asilimia 10 ya floridi ya potasiamu ya unga hunasa sehemu kubwa yake.

Sababu isiyo ya kawaida sana, lakini inayopotosha, ni kiyeyushi kugeuka chanzo cha hidrojeni. Tetrahidrofurani na toluini hutoa hidrojeni kwa urahisi kwa radikali kali, hasa za arili (zenye elektroni pweke kwenye pete ya benzini). Benzini haitoi, lakini husababisha saratani, na trifluorotoluini huweza kuchukua nafasi yake katika mimenyuko mingi. Ukitaka uhakika wa hidrojeni imetoka wapi, rudia kwa kiyeyushi chenye deuteriamu (hidrojeni nzito) na utazame kama deuteriamu imeingia kwenye bidhaa.

Dalili ya 5: Atomu imekaa upande usiotarajiwa, na kila chupa inatoa jibu lake

Ukiongeza bromidi ya hidrojeni kwenye alkini yenye kifungo maradufu mwishoni, na bromini ikaenda kwenye kaboni ya mwisho siku moja, na siku nyingine ikaenda kwenye kaboni ya ndani, shuku peroksidi katika malighafi. Morris Kharasch na Frank Mayo walilieleza jambo hili mwaka 1933 huko Chicago kwa kutumia bromidi ya alili: peroksidi kidogo, zinazozaliwa alkini inapokaa hewani, huanzisha mnyororo wa radikali, unaoipeleka bromini kwenye kaboni ya mwisho, na ambao huipita kwa kasi njia ya ioni, inayoipeleka ndani. Sampuli mpya na sampuli kuukuu hutoa mazao tofauti, na mtu huidhania mikono yake kuwa na kasoro.

Tiba ni kuiondolea alkini peroksidi kabla ya kuitumia, kuiweka gizani, na kuongeza kizuizi kidogo ikiwa unataka njia ya ioni. Kwa kloridi ya hidrojeni dalili hii haitokei kwa kawaida, kwa kuwa kifungo chake cha kilojuli 431 ni kigumu mno kwa radikali ya alkili kukivunja kwa kasi inayotosha. Cha bromidi ya hidrojeni ni 366.

Dalili ya 6: Ushahidi wa radikali unapingana

TEMPO, radikali tulivu inayotumiwa kunasa nyingine, imezima mmenyuko, kwa hiyo kuna radikali? Si lazima. TEMPO huidaka radikali ya kaboni kwa kasi ya ajabu, lakini pia inaweza kuoksidishwa, kuzima kichocheo cha mwanga, au kujifunga kwenye metali. Mmenyuko kusimama peke yake ni ushahidi dhaifu. Tafuta muunganiko wa TEMPO na radikali kwa spektrometa ya masi, kisha jaribu saa ya radikali: pete ya siklopropani iliyo jirani na radikali hufunguka kwa kasi inayokaribia milioni 100 kwa sekunde, na ikibaki imefungwa, maisha ya radikali hiyo yalikuwa mafupi sana au haikuwapo. Angalia kwamba kaboni yenye chaji chanya nayo huweza kuifungua pete, hivyo saa moja haitoshi kwa hukumu.

Kipimo cha EPR, kilichoanzia kwenye ugunduzi wa Yevgeny Zavoisky huko Kazan mwaka 1944, huiona elektroni isiyo na mwenza moja kwa moja. Radikali nyingi huishi muda mfupi mno kuonekana, kwa hiyo hunaswa na DMPO, dutu inayoungana nazo na kuzifanya zidumu hadi zipimwe. Mistari minne yenye uwiano wa 1:2:2:1 na mwachano wa takriban gausi 15 husomwa upesi kama radikali ya hidroksili. Mistari hiyohiyo, hata hivyo, huweza kutokana na maji kuongezeka kwenye DMPO kwa msaada wa chuma, au na muunganiko wa superoksidi uliooza. Anza na sampuli isiyo na malighafi, kisha ongeza ethanoli: ikiwa hidroksili ilikuwapo kweli, itainyang'anya ethanoli hidrojeni na mistari sita mipya itatokea. Isipotokea, usiandike hidroksili kwenye ripoti. Tafsiri ikibaki na utata, mpelekee spektra mtu ambaye EPR ni kazi yake ya kila siku.

Dalili ya 7: Joto linapanda lenyewe, kioevu kinakuwa kizito, au fuwele zimeota kwenye kizibo

Hapa uchunguzi unasimama. Upolimishaji wa radikali, yaani kuunganisha molekuli ndogo (monoma) kuwa minyororo mirefu, hutoa joto, na kadiri mchanganyiko unavyokuwa mzito minyororo hushindwa kukutana na kuuana, hivyo kasi hupanda wakati ambapo joto halitoki vizuri. Ikiwa joto la ndani limelipita la bafu na linaendelea kupanda, shusha bafu, funga pazia la kabati la kuvuta mafusho na uondoke. Usifungue chombo na usiongeze kitu. Kabla ya kuukuza mmenyuko wa namna hii, omba wataalamu wa kalorimetria wapime joto linalotoka.

Sababu za kawaida ni kianzishi kuwekwa chote kwa mkupuo, kizuizi kuondolewa kwenye monoma bila mpango wa kuitumia siku hiyohiyo, na monoma ya akrilati kuhifadhiwa chini ya nitrojeni. Hili la mwisho huwashangaza wengi: 4-metoksifenoli inayoilinda akrilati hufanya kazi vizuri pale tu palipo na oksijeni kidogo, kwa hiyo kuifukuza hewa ni kuondoa ulinzi. Usichanganye pia N-bromosukinimidi (chanzo cha bromini) na dimetiliformamidi au tetrahidrofurani kwa wingi bila tathmini, kwani michanganyiko hiyo huweza kujipasha hadi isidhibitike. Na AIBN isipashwe kwenye chombo kilichofungwa kabisa: gramu 16.4 zikivunjika zote hutoa lita 2.4 hivi za nitrojeni.

Peroksidi ya benzoili huuzwa ikiwa na maji kwa sababu ikikauka huweza kulipuka kwa msuguano; usiikaushe, usiisage, wala usiichote kwa kijiko cha chuma. Etha kuukuu ipimwe kwa vijiti vya peroksidi kabla ya kuchemshwa, na isichemshwe kamwe hadi ikauke. Ukiona fuwele au ukungu mweupe kwenye shingo ya chupa ya etha ya diisopropili, usiifungue, usiiinue, usiitikise ili kuona vizuri zaidi. Weka alama mlangoni, wazuie wengine wasiingie, na uwaite wataalamu wa kuondoa vilipuzi vya kikemia kupitia ofisi ya usalama.